Maana ya Jengo Kuhesabiwa kuwa la Hatari

(Haya ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu.)



Mazungumzo haya yanahusu neno moja linalotumika kila siku katika barua za ofisi na katika baraza za mitaani, ila mwenye kuliandika na mwenye kulisoma mara nyingi hawakusudii kitu kimoja. Neno lenyewe ni hatari. Afisa anapoandika katika ripoti yake kwamba nyumba fulani ya Kiponda au ya Malindi imo katika hatari kubwa, huwa ametoa makadirio. Mkaazi wa nyumba hiyo anapopata habari, husikia moja katika mambo matatu: kwamba nyumba itaanguka kesho, au kwamba anatakiwa ahame bila ya kuelezwa aende wapi, au kwamba yeye ama mwenye nyumba anatuhumiwa uzembe. Baina ya makadirio ya mmoja na hofu ya mwengine, nyumba hubaki kama ilivyo, na mvua za masika huja kwa wakati wake.

Huenda ikafaa kuanzia mbali kidogo na mawe na chokaa. Mama mjamzito anapofika kliniki hupimwa, huulizwa maswali, na majibu yake huandikwa katika kadi. Ikiwa ana kimo cha chini ya sentimita 150, au aliwahi kujifungua kwa upasuaji, au hii ni mimba yake ya tano au zaidi, mkunga huweka alama na humshauri ajifungulie hospitali. Alama hiyo si ugonjwa. Mama huyo huenda akawa na afya njema kuliko jirani yake asiyekuwa na alama, na wengi wa wanaowekewa alama hujifungua salama. Hata hivyo, hakuna anayerudi kliniki kumwambia mkunga kwamba alisema uongo. Kila mtu anafahamu kuwa maana ya alama ile ni moja tu, nayo ni kwamba mama huyu asiachwe peke yake na safari yake isianze usiku wakati gari halipatikani. Ni ajabu kidogo kwamba jambo linaloeleweka vizuri kliniki huwa gumu kueleweka linapohamishiwa kwenye ukuta.

Kuihesabu nyumba kuwa ya hatari ni kujibu maswali mawili, wala si moja. La kwanza ni uwezekano gani upo wa sehemu ya nyumba hiyo kushindwa kujibeba. La pili ni nani atakuwa chini yake siku itakaposhindwa. Swali la kwanza ni la mawe, boriti na maji. La pili ni la watu, na ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa kuwa mkaguzi hutumwa kutazama ukuta, hatumwi kuhesabu wanaolala nyuma yake.

Zichukuliwe nyumba mbili zenye ufa wa upana mmoja, katika ukuta wa upande mmoja, kwa sababu moja. Katika nyumba ya kwanza anaishi mzee mmoja ambaye hulala upande wa pili wa ua, mbali na ukuta huo. Katika ya pili kuna chuo cha Kurani ghorofa ya kwanza, watoto hupanda ngazi kila siku baada ya sala ya alasiri, na chini yake muuza kahawa amepanga mabenchi yake kandokando ya ukuta wenyewe. Fundi mwashi atasema nyufa hizi ni sawa, na atakuwa amesema kweli. Lakini nyumba hizi mbili haziko katika daraja moja la hatari, na Serikali ikiwa na fedha za kuegemeza nyumba moja tu mwaka huo, hapana shaka ni ipi inayostahiki kutangulia. Tena katika Mji Mkongwe lazima izingatiwe kwamba vichochoro vingi havipitishi gari la zimamoto wala la wagonjwa. Mtu aliyefukiwa na kifusi Sokomuhogo hutolewa kwa mikono, ndoo na makoleo. Wembamba wa njia hauongezi uwezekano wa nyumba kuanguka, ila huongeza madhara yake, na kwa hiyo huongeza hatari.

Jambo hili Zanzibar ililiona baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa bahari baina ya Unguja na Pemba. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba chombo hicho, ambacho uwezo wake ulikuwa kubeba watu mia sita na ushei, kilikuwa na zaidi ya watu 2,000. Bahari ya Nungwi ilikuwa ile ile inayovukwa miaka yote, na chuma cha meli kilikuwa kile kile cha wiki iliyotangulia. Kilichozidi ni watu na mizigo. Kinachohesabiwa kuwa salama kwa idadi moja si salama kwa idadi nyengine, na asiyetaka kuhesabu watu hawezi kusema lolote la maana kuhusu hatari. Nyumba ya Mji Mkongwe iliyojengwa kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja na ahali zake, kisha ikagawiwa chumba chumba kwa familia sita au saba, kila moja na jiko lake, ndoo zake na tangi lake la maji, nayo inasafiri na abiria kuliko kiasi chake.

Sasa inafaa kuingia ndani ya nyumba zenyewe, kwani bila ya kujua zilivyojengwa, maneno haya yatabaki juu juu. Mji Mkongwe una majengo yapatayo 1,700, na mengi katika hayo yalijengwa katika karne ya 19. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, udongo na mchanga. Ni kuta nene, na unene huo huwadanganya watu. Ukuta wa namna hii si jiwe moja gumu. Una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake pamejazwa vipande vya mawe na udongo wa chokaa. Maji yakipata njia ya kuingia katikati, huyeyusha kile kinachoshika mawe na kukiteremsha chini kidogo kidogo, mpaka nyuso mbili zinabaki zimesimama kila mmoja peke yake. Dalili ya hali hiyo ni ukuta kufanya tumbo. Mara nyingi hakuna ufa wowote, na mwenye nyumba hujisifu kuwa ukuta wake ni mzima, kumbe ndio uliochoka kuliko wa jirani wenye ufa.

Sakafu za ghorofani zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazina urefu mkubwa, na ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe ni virefu lakini vyembamba, upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Boriti ikikaa mahali pakavu hudumu miaka mingi sana. Ubaya wake uko kwenye ncha, pale inapoingia ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa na unyevu, ncha huoza gizani wakati katikati ya boriti, panapoonekana na kila mtu, pana sura nzuri ya mti mzima. Fundi mzoefu haridhiki kwa kutazama dari. Huchukua bisibisi au msumari mrefu na kuchoma pale boriti inapokutana na ukuta. Msumari ukizama kama katika mkate wa mofa, basi hapana haja ya mjadala.

Maji hayo hutoka wapi? Hutoka juu, kwenye bati lililotoboka au mfereji wa paa ulioziba na kumwaga katika ukuta wa jirani. Hutoka chini, ardhini. Na hutoka katikati, jambo ambalo wajenzi wa kale hawakulitarajia kwa kiasi hiki, kwa sababu vyoo na mabomba yameongezwa ghorofani katika vyumba ambavyo havikuwa na maji. Bomba linalovuja tone moja moja ndani ya ukuta wa matumbawe kwa miaka mitano hufanya kazi ambayo mvua moja kubwa haiwezi kuifanya. Kisha mkaazi, kwa nia njema kabisa, huona ukuta unabambuka na kuupiga lipu ya saruji. Saruji ni ngumu na inapendeza, lakini haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyokuwa yakitoka taratibu kupitia chokaa hufungiwa ndani. Kwa miaka miwili mitatu nyumba huonekana imepona. Wataalamu wa hifadhi wamelieleza jambo hili mara nyingi, na bado mifuko ya saruji inaendelea kupandishwa ngazi za Mji Mkongwe, kwa sababu saruji inapatikana dukani Darajani na chokaa nzuri iliyooza vya kutosha shimoni inahitaji subira.

Kutokana na maelezo haya inadhihirika kwa nini kuhesabiwa kuwa ya hatari hakufungamani na ubaya wa sura. Nyumba chafu yenye rangi iliyofifia na nyufa kongwe zisizosogea inaweza kuwa salama kuliko nyumba ya jirani iliyopakwa rangi mpya kwa ajili ya wageni, yenye matangi matatu ya maji juu ya sakafu ya boriti.

Hakuna jengo lililofundisha mengi katika mlango huu kuliko Beit el-Ajaib. Lilijengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, likiwa na nguzo za chuma na roshani pana pande zote, ujenzi ambao haukuwa wa kawaida katika mji wa matumbawe na boriti. Katika mashambulizi ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 majumba ya jirani yake yaliharibiwa vibaya, na katika matengenezo yaliyofuata mnara wa saa uliunganishwa na uso wa mbele wa jengo. Baadaye lilitumika kwa ofisi za Serikali, na miaka ya karibuni likawa makumbusho. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Forodhani jioni alilijua, na kwa watu wengi wa Unguja saa ile ilikuwa ndiyo saa.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba hali ya jengo haikujulikana. Mfuko wa World Monuments uliliingiza katika orodha yake ya uangalizi ya mwaka 2014 pamoja na Jumba la Makumbusho la Kasri lililo karibu nalo. Jengo likafungwa kwa wageni. Fedha za matengenezo zikapatikana kwa msaada wa Serikali ya Oman, na kazi ikaanza. Siku ya Ijumaa tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele ya jengo pamoja na mnara wa saa iliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha.

Mazungumzo haya hayakusudii kutoa hukumu juu ya sababu ya kuporomoka huko. Yapo mafunzo mengine ambayo hayahitaji hukumu. Kwa muda wa miaka minane jengo lilikuwa katika daraja la juu la hatari kwa mujibu wa swali la kwanza, na kila mwaka likizidi. Kwa mujibu wa swali la pili, hatari yake ilipunguzwa pale lilipofungwa, maana chini ya roshani zile hapakuwa tena na watoto wa skuli wanaotazama makumbusho. Kisha siku ilipofika ya kulitibu, watu waliingia tena ndani, nao si wengine bali ni wale waliokuja kuliokoa. Wakati huo nguvu za jengo zilikuwa ndogo kuliko wakati wowote, na mikono ya binadamu ilikuwa inaligusa.

Hili ndilo ambalo halisemwi vya kutosha. Nyumba iliyochoka huwa imejizoesha. Kuta zake zimeegemeana, dari inabeba ukuta ambao haikupangiwa kuubeba, mlango uliozibwa kwa matofali umekuwa nguzo bila ya mtu kukusudia. Fundi akiondoa lipu, akichomoa boriti moja, akizibua mlango ule, huvunja mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Kwa hiyo siku ya kuanza matengenezo si siku ya hatari kumalizika. Kwa nyumba nyingi ndiyo siku hatari inapokuwa kubwa kupita zote. Anayetoa kibali cha matengenezo anapaswa kuuliza miega imewekwa wapi kabla ya kuuliza rangi ya madirisha. Na mwenye nyumba anayemwita fundi wa siku mbili avunje ukuta mdogo tu ili chumba cha wageni kiwe kikubwa, huku wapangaji wakiwa wamelala juu, ameipandisha nyumba daraja bila ya afisa yeyote kujua.

Hali kadhalika nyumba tupu. Watu husema, nyumba ile ni gofu, haina mtu, basi haina hatari. Swali la pili haliulizi nani anaishi ndani. Linauliza nani yuko chini. Ukuta wa gofu la ghorofa tatu juu ya kichochoro kinachopitwa na wanafunzi asubuhi na adhuhuri una watu wengi kuliko nyumba zinazokaliwa. Aidha, nyumba za Mji Mkongwe hushikamana bega kwa bega. Moja ikiondoka, ya pili hupoteza egemeo, na ukuta uliokuwa wa ndani kwa miaka mia huachwa wazi kwa mvua ambayo haukujengwa kuipokea. Yafaa majirani wa nyumba iliyoanguka wakaguliwe wiki hiyo hiyo, hata kama hawana malalamiko.

Limebakia jambo gumu kuliko yote, nalo ni hofu ya mkaazi. Kuna watu wanaoficha nyufa. Husogeza kabati mbele ya ukuta afisa anapokuja, hutundika kanga au kalenda, hujibu kwamba pale pana unyevu kidogo tu. Afisa kijana huwaona kuwa ni watu wasiojua maslahi yao. Lakini wanajua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba kwa kodi ndogo. Kodi hiyo ilimwezesha mtu mnyonge kuishi mjini karibu na kazi yake, jambo kubwa, ila haikutosha kununua hata bati la kuziba paa. Nyumba nyengine ni za wakfu. Nyengine zina warithi ishirini, wengine wako Maskati, wengine Dubai au London, na hakuna hata mmoja anayeweza kutia saini peke yake. Anayelala chini ya boriti iliyooza si mwenye nyumba, na mwenye nyumba hasikii boriti ikilia usiku.

Mpangaji wa namna hii anapima hatari mbili kwa wakati mmoja. Moja ni kwamba ukuta huenda ukaanguka. Nyengine ni kwamba akisema, atahamishwa, nyumba itatengenezwa, na itakapokamilika itakuwa hoteli ndogo au duka la vinyago, na yeye atakuwa mbali, akilipa nauli mara mbili kwa siku kuja sokoni kuuza. Ya kwanza anaiona ni ya huenda. Ya pili anaiona ni ya hakika. Si upumbavu kuchagua kunyamaza. Ni hesabu, na ili ibadilike lazima kitu kibadilike katika upande wa pili wa mizani. Barua inayosema nyumba ni ya hatari na haisemi wakaazi watakwenda wapi, kwa muda gani, na kama watarudi, ni barua inayofundisha mtaa mzima kuficha nyufa. Kwa hiyo hata ofisi inayotaka tu kupata taarifa sahihi za kuta, bila ya kufikiria huruma, italazimika kwanza kuwa na jibu juu ya watu. Majukumu hayo yamegawanyika baina ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliyoanzishwa mwaka 1985, Shirika la Nyumba, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Baraza la Manispaa, na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mkaazi hapaswi kubeba faili lake kutoka mlango hadi mlango ili kujua nani anahusika na ufa wake.

Kuitwa wa hatari kunaweza pia kuwa mwanzo wa heri, na mfano uko karibu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, upande wa Tanzania Bara, yaliingizwa mwaka 2004 katika Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini. Wapo walioona ni aibu kwa nchi. Mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe chini ya Gereza, na mizizi ya miti ilikuwa inapasua kuta. Kwa kuwa jina lilikuwa katika orodha hiyo, wataalamu na fedha vilielekezwa huko, kuta zikashikizwa, mikoko ikapandwa kuzuia mmomonyoko, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha. Hapa Mjini, jengo la Dispensari Kongwe pale Mizingani, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, lilikuwa katika hali ya kusikitisha kabla ya kutengenezwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan katika miaka ya 1990. Leo roshani zake za mbao zilizochongwa zinapigwa picha na kila meli inayoingia bandarini. Majengo yote haya yaliwahi kuandikwa kuwa ya hatari. Tofauti baina yao na magofu yaliyobaki kuwa kifusi ni kwamba neno liliandikwa na kazi ikafuata.

Kwa upande wa kazi za kila siku, alama ya hatari isiyokuwa na tarehe haina faida. Hatari hubadilika, nyumba iliyokaguliwa kiangazi si ile itakayokuwapo mwisho wa Mei. Inafaa kila nyumba yenye alama iangaliwe tena kabla ya masika na baada yake, na pia kila matumizi yake yanapobadilika: familia ikiondoka na wageni wakiingia, tangi likiongezwa, chuo kikihamia, jirani akianza kuchimba msingi. Ripoti itaje idadi ya wanaolala, chumba wanacholala, na njia watakayotokea wakiamshwa usiku. Haya hayahitaji mhandisi.

Mkaazi naye ana kipimo chake cha nyumbani. Ufa unaotia shaka utiwe kibandiko chembamba cha plasta juu yake, kiasi cha kiganja, kikamate pande zote mbili, na juu yake iandikwe tarehe kwa kalamu. Plasta ikikaa mwaka mzima bila ya kukatika, ufa huo ni wa zamani na umelala. Ikikatika ndani ya miezi, ukuta unatembea, na habari hiyo apelekewe sheha kwa maandishi, mkaazi abaki na nakala. Mlango uliokuwa ukifungika na ghafla unakwama, vumbi jeupe linalodondoka kitandani bila ya upepo, sakafu ya ghorofani inayoinama kuelekea ukutani, na sauti ya kupasuka kwa mbao wakati wa mvua, hizo hazingojei plasta wala barua. Watu watoke kwanza, pamoja na wa nyumba ya chini na wa upande wa pili wa kichochoro, na mafundi wasiingie mpaka miega imewekwa kutoka nje.